Ndugu kwa Kiswahili cha Kondoa

Nilimtambua kwa kidole. Nilikuwa nimepanda ghorofa ya pili ya jengo moja la Naif, hapa Dubai, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, nimebeba blanketi mbili na pasi za kupeleka nyumbani, na mbele yangu alisimama mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kufuma akihesabu marobota ya mashuka kwa kuyagusa moja moja. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha katikati na hakikunyooka hata alipokikunjua. Kidole hicho nilikuwepo kilipovunjika. Ngamia dume alivuta kamba kabla mwenyewe hajaiachia, na mimi ndiye niliyekifunga kwa vipande viwili vya mbao ya sanduku la nyanya na kitambaa cha kufutia kioo cha gari. Nilisimama nyuma yake nikikitazama. Nimepita hamsini sasa, nasimamia walinzi wa jengo refu kule Al Barsha, na kazi yangu ni kuwaambia watu wasogee, wasubiri, waandike majina; lakini pale nilitamani kushuka ngazi taratibu na blanketi zangu. Kabla sijaamua aligeuka, akanitazama kwa muda, kisha akatabasamu kwa adabu. "Mutua," akasema. "Umenenepa."

Tulishikana mikono, tukaulizana afya. Nitarudi kwenye ofisi hiyo baadaye, maana kilichonikalisha chini kuandika haya kilitokea pale mezani kwa karani, lakini hakitaeleweka bila mwaka mmoja wa ujana wangu. Mwaka huo nimewasimulia watu mara nyingi, na kila mara nimeupamba. Huwa naufanya kichekesho cha lugha: Mkenya na Mtanzania wamekutana jangwani, wakapishana kwa neno moja, mambo yakaharibika. Watu hucheka. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Leo nataka kuusimulia bila mapambo, na yeyote niliyewahi kumchekesha kwa kisa hiki anisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, dereva wa kampuni ndogo iliyouza chakula na dawa za mifugo. Kila baada ya wiki mbili nilimchukua daktari wa ngamia, Msudani mpole aliyeitwa Idris, tukazungukia ezba sita. Ezba ndivyo wanavyoyaita mashamba ya ngamia na mbuzi yaliyotawanyika mchangani: zizi la mabomba na wavu, tangi la maji, kibanda cha wafanyakazi, basi. Tulitoka Deira alfajiri, na lami ilipokwisha mbele ya Lahbab nilishuka kupunguza upepo kwenye matairi, kisha tukafuata alama za magari ya jana yake kama bado zilionekana. Daktari alipaswa kumwona mnyama jioni na kumwona tena asubuhi, kwa hiyo tulilala tulikofika. Nimelala juu ya magunia ya shayiri, nimelala kwenye kitanda cha kamba, nimelala ndani ya tela la kubebea ngamia. Kwa Wapakistani wa ezba ya pili tulikula dengu na mkate uliookwa juu ya karai lililofunikwa, na wakati wa kula walizungumza habari za mashamba ya kwao mpaka nikawajua nyati wao wa maziwa kwa majina. Kwa Wasudani wa ezba ya nne daktari alikuwa nyumbani, nikabaki mimi kuwa mgeni, nikila nisichokijua na kucheka wengine walipocheka. Sikuipenda kazi ile. Nalisema hilo kwa sababu baadaye nimekuwa nikiikumbuka kwa mapenzi, na mapenzi hayo yana uongo ndani yake. Nilikuwa nimepeleka maombi ya udereva kwenye hoteli moja ya mjini, na kila nilipochuchumaa kutoa upepo nilikuwa nikiwaza sare yenye vifungo vya dhahabu na gari lenye harufu ya ngozi mpya.

Kwenye ezba ya tano, safari yangu ya kwanza, niliona mlango wa kibanda uko wazi nikapiga hodi kwa mazoea tu, nikijua hakuna wa kunielewa. Sauti kutoka ndani ikajibu, "Karibu, pita ndani." Akatoka mtu mwembamba mwenye mwiko mkononi, akaniangalia kama aliyesikia redio ikimtaja kwa jina. Huyo ndiye Hamisi, Mrangi wa Kondoa, tuliyelingana umri. Alikuwa amekaa pale mwaka na nusu peke yake, na Kiswahili alikuwa anakizungumza na ngamia. Nilikuja kugundua kwamba ngamia wote wa zizi lile walilielewa neno "njoo", na mmoja mwenye kiburi alikuwa akiinamisha kichwa akiambiwa "acha ujinga".

Chumba chake nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kukilipia. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya bluu, na juu ya misumari zilining'inia hatamu, kamba na vikapu vya nyuzi vya kuwafunga ngamia midomo. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, naye maji hayo aliyabeba kila asubuhi kwenda kumwagilia mchicha aliokuwa ameupanda nyuma ya tangi, mstari mmoja mfupi wa kijani ambao mbuzi walikuwa wakiutazama siku nzima kupitia wavu. Mimi nilipouita terere, kama kwetu, alinicheka. Alinicheka kwa mengi. Nilipomwambia nipe chai alikaa na birika mkononi akaniuliza kama namwamrisha au namwomba, na hakumimina mpaka niliposema naomba. Nami nilimcheka kwa upole wake wa kupita kiasi, kwa kumwomba samahani mbuzi aliyemkanyaga. Kila safari nilimletea unga wa sembe kutoka Naif, akasonga ugali kwenye sufuria lililoungua upande mmoja, tukaula na mchicha na maziwa ya ngamia yenye povu. Jioni alifua shati lake na langu kwenye karai moja, nikamkataza, akafua. Daktari alisema tukikaa sisi wawili yeye hupata usingizi mzuri, kwa sababu hakuna anayemtaka atafsiri chochote.

Mwenye ezba, arbab kama tulivyomwita, alikuwa mzee wa Kiarabu asiyekuwa na makuu, aliyekuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri na chupa ya kahawa na kopo la tende. Alikuwa akiketi kwenye mkeka chini ya bati, akawasikiliza ngamia wake wakitafuna. Mwezi wa tatu alinikuta nakula na Hamisi kwenye sinia moja, akamuuliza mimi ni nani wake. Hamisi akajibu kwa Kiarabu chake cha zizini: akhuy, ndugu yangu. Arbab akanitazama, akamtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu siku hiyo nilipewa bakuli la maziwa kabla ya daktari, na Hamisi aliruhusiwa kupanda gari langu Ijumaa moja kila mwezi kwenda kuswali mjini na kutembea sokoni. Baba yule aliamini kwamba kijana akienda na ndugu yake hawezi kupotea.

Nilimkalia kooni Hamisi jioni ile. Nilimwambia amemdanganya mzee wa watu. Kwetu, nilimweleza, ndugu ni mliyezaliwa naye, na ukimwita mtu hivyo bila kuzaliwa naye basi wewe ni mhubiri au unaomba kura. Aliacha kusonga ugali. Aliona kwamba kweli sijui, akanieleza polepole, bila utani, kama anavyomweleza mtu njia.

"Kaka ni neno la heshima tu," alisema. "Kaka namwita hata muuza maji nisiyemjua. Lakini ndugu ni yule nikianguka leo, ndiye ataitwa. Sasa hapa nikianguka, nani ataitwa? Si wewe?"

Nilisema ni mimi. Nilisema kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika kijiko, na namba yangu ya simu ndiyo aliyompa dada yake kule Kondoa, kwa sababu ezbani mtandao ulipatikana tu ukipanda kilima cha mchanga na bahati ikiwa nzuri. Naliweka hili hapa mapema, kabla ya yaliyofuata, ili nisipate pa kujificha baadaye. Mwezi wa tatu nilielezwa neno lile maana yake, na nilielewa.

Dada yake alipiga mwishoni mwa mwaka, kutoka kwenye simu ya dukani, na alizungumza haraka kwa kuogopa muda kwisha. Mama yao hawezi tena kukaa bila kushikwa. Anamtaja Hamisi. Kama anaweza kuja, aje sasa. Habari ile niliibeba siku nne, maana safari yetu haikuwa imefika, na wiki hiyo hiyo nilipata barua ya hoteli. Walinikubali. Kilichobaki ni bosi wangu kuniachia, na bosi wangu alikuwa mpwa wa arbab. Nilikwenda ezba ya tano nikiwa na shida ya mwenzangu kichwani na barua yangu mfukoni mwa shati, na ningekuwa mwongo kama nisingesema kwamba njiani nilikuwa nikiigusa barua.

Hamisi alinisikiliza akiwa amesimama, akaniuliza maneno ya dada yake neno kwa neno, akaenda kuwapa ngamia maji. Ilikuwa Alhamisi. Arbab alipofika, alimngoja amalize kikombe cha kwanza, kisha akaomba ruhusa ya miezi miwili. Nilikuwa hatua chache tu, nikishusha magunia, na niliyasikia yote. Arbab hakuwa mtu mbaya. Natamani angekuwa, ningepata wa kumlaumu. Alimpa pole. Akaeleza kwamba mchungaji aliyekuwepo kabla yake aliomba miezi miwili hiyo hiyo, akaenda zake moja kwa moja, na ngamia watatu wakazaa bila mtu. Halafu uso wake ukachangamka, akasema, lakini wewe una ndugu yako hapa. Akaniita mkekani. Akasema atamkatia Hamisi tiketi Jumamosi, na mimi nimsimamie. Asiporudi baada ya miezi miwili, atazungumza na mpwa wake, nami nitakuja kukaa pale na ngamia mpaka apatikane mwingine. Lilikuwa jambo jepesi kwake. Ndugu humsimamia ndugu, angefanya hivyo hivyo kwa wake. Akaniuliza, kwa kukamilisha tu, kama nimeridhika, kwa kuwa huyu ni ndugu yangu.

Nikaona kibanda kile cha bluu kikiwa changu. Nikaona barua yangu ikiharibika. Mambo haya mawili niliyaona kwa wakati mmoja na sikuona kitu kingine.

"La, arbab," nikasema. "Yeye Tanzania, mimi Kenya."

Alidhani sikumsikia. Akauliza kama hatuna mama mmoja. Nikasema hapana. Baba mmoja? Hapana. Hata ukoo? Hapana, nikasema, nchi mbali. Hamisi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Hakumtazama arbab, alinitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana:

"Mutua, umeelewa alichouliza?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Nimelifikiria swali hilo zaidi ya kitu chochote nilichowahi kuambiwa na binadamu. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema sikuelewa Kiarabu, nirudie jibu, tucheke, yaishe.

"Nimeelewa," nikamjibu. "Ameuliza kama tumezaliwa pamoja."

Arbab hakugomba. Aliweka kikombe chini, akamwambia Hamisi, kama anayehesabu moyoni, kwamba ni miezi yote hii amekuwa akiambiwa akhuy, akhuy. Sasa hajui la mama ni la kweli au nalo ni hivyo hivyo. Akasema khalas, yamekwisha, akainuka, akakung'uta mchanga kwenye kanzu. Daktari Idris alirudi kutoka zizini akauliza kuna nini, na Hamisi akapeleka sinia la vikombe ndani. Ningeweza kulifukuzia gari la arbab. Lilikwenda polepole, alikuwa akiogopa kuwashtua ngamia wenye mimba. Nilisimama nikalitazama mpaka likapita kilima.

Jioni Hamisi alisonga ugali kama kawaida. Alichuma mchicha, akauosha kwa maji ya ndoo, akaniambia karibu chakula. Nilijaribu kumweleza kwamba nilisema tu ukweli, kwamba uongo mbele ya arbab ungemletea matatizo yeye mwenyewe, kwamba kwetu neno lile lina maana moja. Nilizungumza sana. Alinisogezea mboga. Daktari alikula haraka akatoka. Asubuhi nilikuta shati langu limefuliwa na limekauka, limekunjwa juu ya gunia, na juu yake ile barua, imewekewa kijiwe isipeperuke. Hakujua Kiingereza, lakini nembo ya hoteli ilikuwa kubwa na jina langu lilikuwa juu.

"Nimeitoa isilowe," alisema. "Ni ya kazi?"

"Ya kazi."

"Hongera."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho ezbani. Nilivaa sare yangu wiki mbili baadaye, na vifungo havikuwa vya dhahabu. Siku ya nne ya kazi simu iliita nikiwa nimeegesha mbele ya mlango wa hoteli, nikaona namba ya Kondoa. Safari hii dada yake hakuwa na haraka. Alisema wamemzika mama jana, anaomba nimfikishie Hamisi. Ungedhani ningeomba ruhusa nikaenda. Ilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilimpigia daktari Idris nikamwomba amwambie yeye atakapopita. Aliporudi nilimuuliza Hamisi alisema nini. Daktari alisema ametamka innalillahi, amekaa kidogo, kisha ameuliza kama kazi yangu mpya ni nzuri.

Hayo ndiyo ninayoyaita kichekesho cha lugha. Kwa miaka yote hii nimewaambia watu kwamba neno letu liligongana na lao, na wapo walionifariji kwamba Kiswahili ni kipana, haikuwa kosa la mtu. Lilikuwa kosa langu. Angerudi; mtu aliyewapa ndama majina na kuongeza mstari wa pili wa mchicha ana mpango wa kurudi. Na hata kama asingerudi, ningekaa kwenye kibanda kile miezi mitatu, labda minne, nikala dengu, nikawaambia ngamia waache ujinga. Hoteli ile ilifungwa zamani. Niliogopa, na neno lilikuwa karibu, nikalishika. Najuta kwa kuogopa, lakini najuta zaidi kwa lile jibu la pili, nililompa kwa lugha yetu.

Kule Naif alinieleza machache. Aliacha ezba mwaka uliofuata, akafungua duka la mashuka na mapazia Dodoma, na sasa huja mwenyewe mara moja moja kununua mzigo. Ana wajukuu. Hakuuliza mengi. Nikaanza, "Hamisi, ile siku ya arbab," naye akasema, "Ngoja, wananiita," kwa sababu kweli karani alikuwa anamwita. Alikuwa binti wa Kizanzibari mwenye miwani, anayejaza fomu kwa kalamu huku simu ikiwa begani. Aliandika jina, aina ya mzigo, bandari. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Na hapa Dubai, baba, una ndugu yako? Mzigo ukikwama nimpigie nani?"

Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, karibu kiasi cha kugusana. Nilingoja anitazame.

"Sina ndugu hapa, mwanangu," Hamisi akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bandari.

"Niandike mimi," nikamwambia binti. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Andika Mutua. Niko hapa siku zote, nitakupa namba." Binti akasimamisha kalamu, akamtazama Hamisi. Hamisi akaniwekea mkono begani, ule mkono wenye kidole nilichokifunga mimi, akanipigapiga taratibu.

"Usijisumbue, kaka," akasema.

Binti akapiga mstari mfupi kwenye nafasi ile akageuza ukurasa. Nami, kwa kuwa ni Mkenya, na kwetu kaka ni mliyenyonya ziwa moja, moyo wangu ulirukaruka kwa furaha kabla sijamkumbuka yule muuza maji wa Hamisi.